Korogwe na Njia Zake

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, akiisha kuipita njia panda ya Segera, ambako barabara ya Tanga hujitenga na kushika upande wa bahari, haendi mbali kabla hajaiona milima ya Usambara ikiinuka upande wake wa kuume, na chini yake mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu kwa safu hata macho yachoke. Na kabla hajamaliza kuyatazama, basi lake limekwisha ingia Korogwe, limesimama stendi, limezungukwa na wachuuzi wenye mabeseni ya machungwa, karanga, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu. Kituo hicho aghalabu hakizidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Msafiri hununua alichonunua, huchungulia dirishani, na gari likiondoka huamini kwamba ameiona Korogwe.

Aliyoiona ni njia kuu tu. Mji huu una njia za namna mbili: ya kwanza ni hiyo iupitayo ikitoka mbali kwenda mbali, na ya pili ni zile njia ndogo, za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika, zitokazo mashambani na kuishia penye mashine. Njia kuu ndiyo iliyoupa mji jina mbele ya watu wa nchi nzima; bali riziki ya wenyeji wake, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, imepita katika zile ndogo, na mwenye kutaka kuifahamu Korogwe hana budi kuzifuata zote mbili.

Njia kuu ni ya kale kuliko lami na kuliko reli. Kabla ya Wajerumani kuitawala nchi, misafara iliyotoka bandari ya Pangani ilifuata bonde la mto wa jina hilo hilo kuelekea Upare na Kilimanjaro, ikichukua nguo, shanga na bunduki, na kurejea na pembe za ndovu pamoja na wanadamu waliotiwa utumwani. Kandokando ya mto Wazigua walikuwa na vijiji vyao, na baadhi ya vijiji hivyo vilijengwa juu ya visiwa vya katikati ya maji kwa ajili ya kujihami, kwa kuwa zama zile palipopita mali palipita na hatari. Nguvu ya njia hiyo inadhihirika katika habari za Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliyekuwa mfalme wa Washambaa. Baba alitawala kutoka Vuga, juu mlimani, akihofiwa na kuheshimiwa kwa sababu ya ardhi na mvua. Mwana aliteremka bondeni, akakaa Mazinde, pale pale misafara ilipopita, akajipatia bunduki na baruti kwa biashara, na baba yake alipofariki mnamo miaka ya 1860, zikazuka vita ambazo ndani yake mamlaka ya bondeni, yenye silaha za kununuliwa, ilishindana na enzi ya mlimani na kuitikisa hata misingi yake. Mazinde leo ni kata ya Wilaya ya Korogwe, na mapito hayo ya Semboja yamezungukwa na mkonge.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, na hapo kampuni iliyoijenga ikaishiwa na fedha, hata serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua kazi hiyo mikononi mwake. Ndipo mwaka 1902 garimoshi likafika Korogwe, na kwa kitambo ndipo palipokuwa mwisho wa reli. Mwisho wa reli ni mahali pa neema: mizigo hushushwa na kupakiwa, ghala hujengwa, wachukuzi hukusanyika, wenye maduka huja na mizani zao, na mji huota mahali ambapo jana palikuwa na kijiji na kivuko. Reli iliendelea hata ikafika Moshi mwaka 1911, lakini Korogwe ilikuwa imekwisha shika mizizi. Mwaka 1963 reli hii ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande kilichotoka Ruvu hadi Mruazi, karibu na Mnyusi, humu humu wilayani. Baadaye treni za abiria zilinyamaza kwa miaka mingi, mpaka mwishoni mwa mwaka 2019 zilipoanza tena safari kati ya Dar es Salaam na Moshi.

Walakini reli peke yake isingaliufanya mji huu kuwa jinsi ulivyo. Mwaka ule ule wa 1893 reli ilipoanza, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alikuwa akitafuta mmea utakaostahimili ukame wa mwambao na wa nyika iliyo nyuma yake. Mkonge ulikuwa mali ya Mexico, na watu wa Yucatan hawakuwa radhi kuutoa. Kwa hiyo aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafirishwa kwa njia ya Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyopandwa karibu na Pangani, na kutoka katika uzao wake mashamba ya nchi hii yakaenea. Hata ukafika mwaka 1913, koloni ilikuwa ikiuza ng'ambo zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Mashamba yalifuata reli kuingia bara, yakajaza bonde la Lwengera kati ya Usambara ya Mashariki na ya Magharibi, yakaizunguka Korogwe pande zote: Hale, Mwelya, Magunga, Ngombezi, Magoma, Mazinde.

Sasa inafaa tuufuate mkonge kwa karibu, kwa kuwa tabia ya jani lake ndiyo iliyoamua kiwanda kiwe wapi, na kiwanda kimeamua watu wakae wapi. Mkonge hupandwa na kungojewa kiasi cha miaka 3 kabla ya kukatwa mara ya kwanza; kisha hukatwa mwaka baada ya mwaka, mpaka utoe mlingoti wake mrefu wenye maua, ambao ni dalili kwamba mmea umemaliza umri wake. Mkataji huingia shambani alfajiri, kabla jua halijawa kali. Huinama, hukata majani ya chini moja baada ya moja, huyaacha ya juu ili mmea uendelee kupumua, hukata mwiba mweusi ulio kwenye ncha ya kila jani, kisha huyafunga majani 30 kuwa mzigo mmoja na kuipanga mizigo yake kandokando ya njia ili ihesabiwe. Maji ya jani huwasha ngozi, na ule mwiba, mkataji akighafilika, humwingia mkononi au hata jichoni. Ni kazi ya kuinama na kuinuka tangu asubuhi, na asiyepata kuifanya asiidhanie kuwa nyepesi kwa kuwa chombo chake ni kisu tu.

Kutoka njiani mizigo huchukuliwa kwenda korona. Korona ni ile mashine kubwa ambayo jina lake limekuwa jina la kiwanda kizima, hata mtu akisema anafanya kazi korona kila mmoja wilayani hufahamu. Majani hutandazwa mezani ubavu kwa ubavu. Mashine huyashika, huyapeleka mbele ya ngoma za chuma zenye mapanga butu zizungukazo kwa kasi, nazo huiponda nyama ya jani na kuipangusa, kwanza nusu moja, kisha nusu ya pili, huku maji yakimiminika bila kukoma. Kelele zake ni kubwa, na harufu ya majimaji yake ni kali, yenye uchachu, wala haimwachi mtu hata akiisha kuoga. Upande wa pili hutokea singa mbichi, ndefu, zenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia, zikidondosha maji. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, huzipeleka uwanjani na kuzianika juu ya nyaya, na jua likizipiga hugeuka nyeupe. Zikikauka huingizwa kwenye brashi, yaani mashine izichanayo na kuziondolea vumbi na singa fupi. Kisha huchambuliwa kwa urefu na kwa weupe, hushindiliwa na kufungwa robota za kilo 250, tayari kwa safari.

Katika kila kilo 100 za jani lililokatwa, singa kavu ni kiasi cha kilo 4 tu. Zilizobaki zote ni maji na makapi. Nani basi atakayebeba kilo 100 safari ndefu ili apate kilo 4? Aidha jani lililokatwa halina subira: likikaa siku kadhaa juani hunyauka, na nyama yake hushikamana na singa hata mashine ishindwe kuitoa vizuri. Tena korona inahitaji maji mengi ya kuoshea. Kwa sababu hizo tatu, yaani uzito, haraka na maji, korona haina budi kuwa katikati ya shamba na karibu na mto. Lakini singa ikiisha kukauka ni nyepesi na haiozi, yaweza kusafiri hata mwisho wa dunia. Ndiyo maana kusokota kamba, kufuma magunia na mazulia, na kutengeneza uzi wa kufungia nyasi za mifugo wa wakulima wa Ulaya na Marekani, kazi zenye faida kubwa zaidi, kwa muda mrefu zilifanyika mbali. Korogwe ilibaki na sehemu ya kazi iliyo nzito zaidi na ilipwayo kidogo zaidi. Wakati mwingine mtu husikia watu wakisema kwamba viwanda hujengwa penye miji. Hapa kiwanda kilijengwa penye jani, na mji ukaja nyuma yake.

Na watu wa kuifanya kazi hiyo walitoka wapi? Wazigua, Wabondei na Washambaa walikuwa na mashamba yao ya chakula, wala hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakakate mkonge wa mtu kwa ujira haba. Kwa hiyo wenye mashamba walituma watu mbali kuwatafuta vibarua. Wakaja Waha na Warundi kutoka magharibi, Wanyamwezi, Wabena na Wangoni, Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma. Manamba, ndivyo walivyoitwa. Walisafirishwa kwa malori na kwa garimoshi, wakakaa kambini, wakapewa posho ya unga na maharage, na kila mmoja alikuwa na kipande chake, karatasi ambayo ilipaswa kujazwa siku 30 za kazi ndipo alipwe mshahara. Siku ambayo kazi haikukamilika haikuandikwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipowafikisha Wajapani Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, na nyuzi za huko zikakatika, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Serikali ikawatumia hata watu wa kulazimishwa mashambani, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri na kusafirisha manamba kutoka majimbo ya mbali.

Nionavyo mimi, habari za watu hawa hazijaandikwa kwa kadiri wanavyostahili. Wengi walimaliza mkataba wakarudi kwao. Lakini wengi vile vile walibaki, wakaoa, wakaolewa, wakazika wazazi wao katika udongo wa Ngombezi na Magoma, na wajukuu wao leo wakiulizwa asili yao watakutajia Kigoma, Songea, Burundi au Msumbiji, kisha wataongeza kwamba wao ni watu wa Korogwe. Kambi iliwakutanisha watu wasiofahamiana lugha, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini, ya dukani, ya msikitini, ya kanisani na ya ugomvi. Watoto waliozaliwa kambini hawakuwa na lugha nyingine iliyo karibu na ulimi wao kuliko hiyo. Kutoka humo humo ukatoka umoja wa wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mashamba ya mkonge yalijaa migomo, na mgomo wa Mazinde ulikuwa miongoni mwa ile iliyotangaa sana. Watu ambao walikuwa wameletwa mmoja mmoja kwa malori waliweza kusimama pamoja na kudai haki ya ujira wao, na hilo halikuwa jambo dogo katika nchi iliyokuwa ikiukaribia uhuru.

Kilele cha mkonge kilikuwa mwaka 1964, nchi ilipotoa kiasi cha tani 230,000, ikawa ya kwanza duniani. Kuanguka kwake kulikuwa kwa haraka. Kamba za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli ziliingia sokoni, bei ikaporomoka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalitaifishwa, na uendeshaji wake ukapatwa na matatizo ya fedha, ya vipuri na ya wataalamu. Wapo wanaoutia lawama utaifishaji peke yake, na wapo wanaoitia plastiki peke yake. Bei ilikuwa imekwisha anza kushuka kabla ya mwaka 1967, kwa hiyo wale wa kwanza hawasemi haki yote. Lakini nchi kama Brazili iliendelea kulima mkonge chini ya bei hizo hizo, kwa hiyo wale wa pili nao wanasahau jambo. Mwisho wa miaka ya 1990, nchi ilikuwa ikitoa karibu tani 20,000 tu, kiasi kile cha mwaka 1913. Mapori yakayafunika mashamba, reli ndogo za kuchukulia majani zikang'olewa, na korona kadhaa zikabaki kuta na kutu.

Katika miaka hiyo ya dhiki njia kuu ndiyo iliyoushika mji mkono. Aliyepoteza kibarua shambani aliweza kumtuma mwanawe na beseni la machungwa stendini. Mama lishe alipata wasafiri wa kulisha. Wenye maghala walinunua matunda na mboga za Lushoto na Bumbuli ziteremkazo kutoka mlimani. Lami iliyojengwa miaka ya karibuni kati ya Korogwe na Handeni imefungua njia nyingine tena, ya kuwaunganisha wafugaji na wakulima wa mahindi wa upande ule na soko la huku. Katika sensa ya mwaka 2012 Halmashauri ya Mji wa Korogwe ilikuwa na watu zaidi ya 68,000, na sehemu kubwa ya riziki yao ilitegemea magari yasimamayo. Lakini biashara ya dirishani ni biashara ya bahati. Dereva akichelewa hasimami. Na magari yakizidi kuwa mepesi na barabara ikizidi kuwa nzuri, sababu za kusimama huzidi kupungua.

Mkonge nao haukufa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, katika yale mashamba ya Hale, Mwelya, Magunga, Ngombezi na Magoma, ulianza utaratibu mpya ambao manamba wenyewe wasingaliuamini: ardhi ya shamba kubwa iligawanywa, na mkulima mdogo, ambaye huenda babu yake alikuwa na kipande mfukoni, akapewa eneo lake mwenyewe la kulima mkonge. Miaka ya mwanzo, miche ingali midogo, hupanda mahindi au maharage katikati ya mistari; majani yakikomaa, huyapeleka korona na kulipwa kwa singa zitokazo. Utaratibu huo umepita katika migogoro mingi ya hesabu na malipo, na siku hizi wakulima hao wamo katika vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Kadhalika makapi, zile kilo 96 ambazo zamani zilimwagwa na kuyachafua maji ya mto, yameanza kupewa thamani: mwaka 2008 ulizinduliwa Hale mtambo wa kuyageuza makapi ya mkonge kuwa gesi na gesi kuwa umeme, karibu tu na mahali ambapo maporomoko ya Pangani yamekuwa yakitoa umeme tangu zamani za Waingereza.

Lakini sheria ya jani haikubadilika. Kilo 100 bado zinatoa kilo 4, na jani bado halina subira. Tofauti ni kwamba zamani mwenye shamba alikuwa na reli yake ndogo, vitoroli vyake na mafundi wake wa kuitengeneza njia, ilhali leo mkulima mwenye hekta chache hukodi trekta au lori, hungoja zamu yake korona, na mvua ya masika ikinyesha usiku mmoja, lori huzama mpaka ekseli katika njia isiyo na mtaro, na mizigo aliyoikata kwa siku tatu huharibika machoni pake. Barabara kuu ina mwenyewe, naye ni TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Barabara za wilaya zina mwenyewe, naye ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Njia za ndani ya mashamba, ambazo ndizo zenye kuibeba riziki hii, aghalabu zimeachwa kwa wakulima na ushirika wao, ambao hawana greda.

Kinachohitajika katika njia hizo si lami. Zinahitajika changarawe penye mabonde, makalavati mahali vijito vinapokatiza, na mitaro izibuliwe kabla ya mwezi Machi; kazi ambayo halmashauri, ushirika na wenye korona wangeweza kuigawana kila mwaka kwa kiasi cha majani kila upande unachopitisha, maana kila upande hupata hasara siku korona inapozimwa kwa kukosa majani, ilhali majani yenyewe yamelala yakioza kilometa chache kutoka mlangoni pake.